Sensa huhesabu vyungu, haihesabu koo: jibu kwa anayelinganisha kaya za Kwale, Mandera na Nairobi

"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni afisa wa miradi katika shirika dogo hapa Ukunda. Tunaandika ombi la ufadhili linalolinganisha aina za kaya za Kwale, Mandera, Mombasa na Nairobi kwa sensa ya 2019. Nimegawa idadi ya watu kwa idadi ya kaya nikapata Mandera 6.9, Kwale 5.0, Mombasa 3.2 na Nairobi 2.9. Nimeandika kwamba Mandera kaya ni kubwa kwa sababu ya ndoa za wake wengi, Kwale familia pana bado ipo, na Nairobi familia imevunjika, kila mtu anaishi kivyake. Mkubwa wangu sasa anataka asilimia za kaya za mtu mmoja, za baba, mama na watoto, za mzazi mmoja na za familia pana. Pia anataka tuongeze Simiyu ya Tanzania, ambako nimeona 6.9 vilevile katika sensa ya 2012. Takwimu hizo zinapatikana wapi? Na je, nilivyoandika ni sawa?"

Kwenye kugawa hujakosea, mwanangu. Nimerudia hesabu yako na namba zako zimesimama. Mandera walihesabiwa watu 867,457 katika kaya 125,763, na Kwale watu 866,820 katika kaya 173,176. Hebu tazama kwanza hizo idadi za watu. Kaunti moja inapakana na Somalia na Ethiopia, nyingine inapakana na Tanzania, na zinapishana kwa watu 637 tu, ambao wangeenea katika shule moja ya msingi. Lakini Kwale ina kaya 47,413 zaidi. Watu ni karibu wale wale, vyungu ni vingi zaidi. Ukiweza kueleza vyungu hivyo vya ziada vimetoka wapi, umelijibu swali lako karibu lote.

Ulipoteleza ni baada ya kugawa. Kutoka kwenye ukubwa wa kaya umerukia aina ya kaya, na kutoka aina ukarukia tabia za watu: hawa wanaoa wengi, hawa wameshikamana, wale wametengana. Wastani hausemi nani anaishi na nani. Kaya ya watu 5 inaweza kuwa baba, mama na watoto 3. Inaweza kuwa bibi na wajukuu 4. Inaweza kuwa vijana 5 wa bodaboda waliochangia kodi na unga. Kwenye jedwali lako zote zinaingia kama 5.

Tuanze na neno lenyewe, maana huko kwenu lina mtego wake. Ukimtajia mzee wa Kwale neno kaya, mawazo yake yatakwenda Kaya Kinondo, kwenye msitu wa wahenga, mahali pa jamii nzima. Karani wa sensa akilitumia neno hilohilo ana maana ndogo zaidi. Kaya yake imesimama juu ya mafiga matatu: watu wanaishi kwenye boma moja, wanajibu kwa mkuu mmoja, na wanakula chungu kimoja. Damu haimo katika mafiga hayo, wala ndoa. Msichana wa kazi anayelala na kula hapo ni mtu wa kaya. Mtoto wa kuzaa aliyepanga chumba chake Likoni si mtu wa kaya hiyo tena, hata kama nguo zake bado zinafuliwa kwa mama.

Mwaka 2009 nilikuwa nasimamia makarani upande wa Kinango, huko huko Kwale, wakati ule tukijaza fomu za karatasi kwa penseli. Tuliingia boma moja la nyumba 6. Mzee mwenye boma, wake zake 2, vijana wawili waliooa, na binti mjane aliyerudi nyumbani na watoto wake. Jumla watu 24. Mzee alimwambia karani, "Andika mmoja. Huu ni mudzi mmoja na mwenyewe ndiye mimi." Mudzi kwa lugha yao ndilo boma. Karani, kijana wa mjini mwenye heshima zake, akaanza kuandika. Mke mkubwa alikuwa pembeni anapeta mahindi. Akacheka bila kuinua kichwa: "Muulize jana usiku kila mmoja alikula sima ya nani."

Ndipo boma likafunguka. Mke mkubwa alipika na kula pamoja na binti mjane, watoto wa huyo binti, na kijana mdogo aliyeoa juzi ambaye mkewe alikuwa bado hajapewa jiko lake. Mke mdogo alikuwa na chungu chake. Kijana mkubwa naye alikuwa ameshajitegemea tangu mkewe alipojifungua mtoto wa pili. Vyungu vitatu, kwa hiyo kaya tatu. Na kwa kuwa mzee alilala kwa mke mdogo, akaandikwa huko, na kaya ya mke mkubwa ikaandikwa kuwa inaongozwa na mwanamke, ilhali mumewe yuko hatua 40 kutoka mlangoni pake. Mzee alimtazama karani akasema, "Basi umeugawa mudzi wangu nikiwa hai."

Hebu pima ukubwa wa jambo hilo. Karani angemsikiliza mzee, boma lile lingetoa kaya moja ya watu 24. Kwa kumsikiliza mama, lilitoa kaya tatu zenye wastani wa watu 8. Watu hawakubadilika wala ukoo haukubadilika. Lililobadilika ni swali lililoulizwa na aliyelijibu. Tofauti kama hiyo inaweza kutokea baina ya karani na karani, wilaya na wilaya, sensa na sensa. Ndiyo maana mimi sianzi kulinganisha mikoa kabla sijasoma mwongozo wa makarani wa kila sensa ninayoitumia. Ni kitabu kikavu, wanafunzi hukiruka, na ndicho chenye majibu.

Sasa tuje kwenye wake wengi. Wewe umeona kwamba ndoa za wake wengi huikuza kaya. Kwa kanuni za sensa ya Kenya mara nyingi huwa kinyume chake. Wake wakiwa na nyumba zao, kila mmoja akapika na kula na watoto wake, kila mke ni kaya yake, na mume huandikwa alikolala. Ni pale tu wanapokula pamoja ndipo huwa kaya moja. Kwa hiyo ndoa za namna hiyo huzigawa kaya zikawa ndogo zaidi, na huongeza hesabu ya kaya zinazoongozwa na wanawake. Kama Mandera ingekuwa na wake wengi kuliko Kwale na mengine yote yakawa sawa, ungetarajia wastani wake ushuke.

Kinachoipandisha Mandera kwa sehemu kubwa ni watoto. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya, KDHS wa 2022, ulikadiria kwamba kwa viwango vya uzazi vya wakati ule mwanamke wa Mandera angezaa watoto 7.7 maishani, wa Nairobi 2.5, na kwa nchi nzima 3.4. Kaya ya baba, mama na watoto wao peke yao, bila shangazi wala mjomba ndani yake, ikiwa na watoto 5 ambao hawajahama inafika 7. Hiyo kwa aina ni familia ndogo, ya mume, mke na watoto wao tu. Kwa ukubwa ni kaya kubwa. Umeona sasa kwa nini ukubwa na aina havipaswi kufungwa kwenye kitita kimoja?

Jambo la pili ni usiku. Sensa yetu humwandika mtu alikolala usiku maalumu, na kwa 2019 ulikuwa usiku wa Jumamosi, tarehe 24 Agosti, kuamkia Jumapili. Serikali iliamuru hata baa zifungwe mapema ili watu wawe majumbani. Ilikuwa likizo ya Agosti. Mtoto anayesoma bweni alikuwa nyumbani. Mjukuu wa Nairobi aliyepelekwa kwa bibi yake kwa likizo alihesabiwa kwa bibi, pengine kaya ya bibi ikaonekana ya watu 6 wakati Septemba, shule zikiwa wazi, angekuwa yeye na paka wake.

Na sasa mfikirie mtu huyu, ambaye kwa hapo Ukunda unaweza kumpata bila kutafuta sana. Baba wa Kinango anauza mitumba Kongowea. Amepanga chumba Majengo ya Mombasa, analala huko wiki nzima, na mwisho wa mwezi anavuka kivuko cha Likoni na mfuko wa unga, sukari na ada ya shule. Usiku ule wa sensa alikuwa chumbani kwake. Kwa karani wa Mombasa yeye ni kaya ya mtu mmoja. Mkewe na watoto 5, kwa karani wa Kwale, ni kaya ya mama na watoto. Familia moja imetoa mistari miwili katika kaunti mbili, na jedwali lako litaisoma kuwa Mombasa kuna upweke na Kwale kuna akina mama waliotelekezwa. Mke huyo akikusikia unamwita mama asiye na mume atakutoa uani kwake kwa ufagio.

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Unapozilinganisha kaunti unafanya kama kwamba ni vijiji viwili visivyojuana. Lakini Kwale na Mombasa, na hata Kwale na Nairobi, zinagawana watu wale wale. Kaya za mtu mmoja za mjini na kaya kubwa za watoto na wazee za shamba mara nyingi ni pande mbili za familia moja. Huwezi kusema upande mmoja umevunjika na mwingine umeshikamana, kwa sababu huo wa mjini ndio unaoulisha huo wa shamba.

Kuhusu Nairobi, kumbuka pia namna nyumba zilivyo. Ghorofa za vyumba vya kupanga za Pipeline, au nyumba ya Kiswahili ya Majengo yenye ukumbi katikati na vyumba 6 kushoto na kulia, paa ni moja lakini kila mlango una jiko lake. Hesabu majiko, ndizo kaya. Tena kuna vijana wasiopika kabisa, chai na chapati kibandani asubuhi, ugali kibandani jioni. Wawili wa namna hiyo wakiishi chumba kimoja, ni kaya moja au mbili? Nimeona makarani wawili wa mtaa mmoja wakiamua tofauti, na wote wawili wana hoja.

Sasa tuingie kwenye asilimia anazozitaka mkubwa wako, maana hapo kuna shimo ambalo hata waandishi wazuri wa magazeti hutumbukia. Asilimia ya nini? Chukua mtaa wa kubuni wenye kaya 10. Kaya 5 zina mtu mmoja mmoja, kaya 5 zina watu 7 kila moja. Jumla ni watu 40, wastani ni 4. Kwanza, hakuna hata mtu mmoja anayeishi katika kaya ya watu 4. Pili, unaweza kuandika kwa haki kabisa kwamba nusu ya kaya za mtaa huo ni za mtu mmoja. Na unaweza kuandika kwa haki ileile kwamba asilimia 12.5 tu ya wakazi wanaishi peke yao, kwa kuwa ni watu 5 kati ya 40. Sentensi zote mbili ni kweli. Ya kwanza inamfaa anayeuza magodoro au anayejenga vyumba vya kupanga. Ya pili inamfaa anayeulizia maisha ya watu. Ninyi mnaomba fedha kwa ajili ya watu, kwa hiyo kila asilimia ya kaya iwekewe asilimia ya watu pembeni yake. Ukiweka moja tu, Nairobi itaonekana mji wa wapweke kuliko ulivyo.

Halafu kuna umri. Nakupa mfano mwingine wa kubuni. Kaunti mbili, kila moja ina watu wazima 1,000. Kote kuwili kijana 1 kati ya 4 anaishi peke yake, na miongoni mwa waliokwisha kupita ujana ni 1 kati ya 10. Tabia ni zile zile kabisa. Kaunti ya kwanza ina vijana 700 na wakubwa 300, ya pili ina vijana 300 na wakubwa 700. Ya kwanza itakuwa na watu 205 wanaoishi peke yao, ya pili 145. Mtu asiye makini ataandika kwamba ya kwanza imeacha mila. Haijaacha chochote, ina vijana wengi tu, kwa sababu vijana wa ile ya pili wamehamia huko kutafuta kazi. Dawa yake ni kulinganisha rika kwa rika: wenye miaka 25 hadi 29 wa Kwale na wenzao wa Nairobi, wenye miaka 60 na kuendelea na wenzao. Au uzipe kaunti zote muundo mmoja wa umri, kwa mfano ule wa Kenya nzima, kisha uhesabu upya. Kazi hiyo ni ya alasiri moja kwenye lahajedwali, na mara nyingi hula kipande kikubwa cha tofauti uliyokuwa unajivunia.

Nilikuita mwanangu hapo juu, na neno hilo nalo lina kesi. Sensa haiulizi kila mtu ana uhusiano gani na kila mtu. Huuliza uhusiano na mkuu wa kaya tu. Mkuu akisema "huyu mwanangu", karani huandika mtoto. Lakini kwa Kiswahili chetu mtoto wa ndugu yangu ni mwanangu, na mimi ni baba yake mdogo au mkubwa. Wengine huona hata ni utovu wa adabu kumtenga mbele ya mgeni kwa kusema "si wa kumzaa". Hivyo kaya ya baba, mama, watoto 3 na mpwa 1 inaandikwa kama baba, mama na watoto 4. Familia pana imevaa kanzu ya familia ndogo. Karani mzuri huuliza mara ya pili, "wa kumzaa mwenyewe?" Lakini saa 12 jioni, nyumba ya 30, sijui ni wangapi wanaouliza.

Hata ikiandikwa sawasawa, jina la familia pana hufunika mambo yasiyofanana. Katika mji wa kale wa Lamu binti akiolewa hubaki kwa mama yake. Nyumba huongezwa juu, au hutupwa wikio, yaani daraja la ghorofani, kuvuka kichochoro ili naye apate vyumba vyake. Kinango kijana ndiye anayeleta mke bomani kwa baba. Kote kuwili unaweza kukuta vizazi vitatu kwenye chungu kimoja na jedwali likaandika neno moja, na nguvu ndani ya nyumba hizo haziko mkono mmoja. Kama mradi wenu ni wa kuwapa akina mama mitaji, tofauti hiyo ina maana kuliko asilimia yoyote. Upande wa Nairobi kuna kinyago cha kinyume: mume, mke, mtoto mmoja na msichana wa kazi aliyetoka Kilifi. Kwa sensa hiyo ni kaya mchanganyiko, ya jamaa na asiye jamaa. Ukizijumlisha na familia pana ili kupunguza safu za jedwali, utaipa Nairobi ukoo ambao haina.

Takwimu zenyewe ziko wapi? Juzuu za sensa ya 2019, ambazo Ofisi ya Taifa ya Takwimu, KNBS, huzitoa bure, zitakupa idadi ya kaya na ukubwa wake hadi ngazi za chini. Zitumie hizo kuona tofauti ndani ya Kwale kwenyewe, maana Ukunda yenye wapangaji wa hoteli na Kinango ya maboma haziwezi kusemewa na 5.0 moja. Angalia pia kwamba kati ya kaya 12,143,913 za Kenya nzima, 100,897 ni makundi yanayoishi pamoja kitaasisi. Zilizobaki, 12,043,016, ndizo kaya za kawaida. Ukilinganisha aina za kaya, yatoe makundi hayo kwanza.

Aina za kaya zinahitaji data ya mtu mmoja mmoja ambayo majina yameondolewa. Njia nyepesi ni IPUMS International ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Unajiandikisha, unaeleza utafiti wako, wanakuruhusu, hulipi kitu. Wana sampuli za sensa za Kenya kuanzia 1969 na za Tanzania kuanzia 1988. Ile ya Kenya ya 2009 ni asilimia 10 ya kaya. Wameshaandaa safu iitwayo HHTYPE inayopanga kaya kwa aina: mtu mmoja, wanandoa bila watoto, wanandoa na watoto, mzazi mmoja, ndoa ya wake wengi, familia pana, mchanganyiko na kadhalika. Uzuri wake ni kwamba kipimo ni kimoja kwa nchi zote. Ubaya wake ni kwamba imejengwa juu ya lile swali la uhusiano na mkuu, kwa hiyo mwanangu yule wa baba mdogo amejificha humo pia. Kwa data ya 2019 peleka ombi KNBS wenyewe, kupitia hazina yao ya data.

Njia nyingine ni KDHS ya 2022, iliyofika karibu kaya 38,000 katika kaunti zote 47. Huuliza mambo mawili kwa kila mtu: anaishi hapa kwa kawaida? Alilala hapa jana? Yule muuza mitumba wa Kongowea hapo anaweza kuonekana vizuri kidogo, angalau hutajua tu nani alilala bali pia nani ni mgeni. Lakini kaya hizo ukizigawa kwa kaunti, kisha kwa aina, safu nyingine zitabaki na kaya chache mno, na asilimia yake itayumba. Kwa haki, mimi ningetumia sensa kwa picha pana na KDHS kwa kusahihisha usomaji wa sensa. Nisingechanganya namba zao kwenye safu moja.

Simiyu iacheni, au iwekeni kwenye jedwali lake. Ni kweli 2012 ilikuwa na 6.9, ikiwa juu kabisa Tanzania, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.7 na Mtwara 3.7. Lakini hiyo ni 2012 na Mandera yako ni 2019. Kati ya 2012 na 2022 wastani wa Tanzania ulishuka hadi 4.3. Simiyu ni nchi ya Wasukuma wakulima wenye mifugo, na Mandera ni nchi ya wafugaji Wasomali. Namba kulingana si ushahidi kwamba kaya zinafanana. Mkubwa wako akisisitiza, mlinganishe Simiyu na Mtwara, ndani ya sensa moja na mwongozo mmoja wa makarani. Hapo kuna hadithi nzuri ya kusini kwa Wamakonde na Wamakua, wanaofuata ukoo wa mama.

Kuhusu Mandera, weka tahadhari kwa maandishi. Hesabu za kaskazini zina historia ya ugomvi. Agosti 2010 waziri wa mipango alitangaza kuyafuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8 za huko, na moja ya sababu zake ilikuwa hasa jambo hili letu: ukubwa wa kaya ulipanda bila idadi ya kaya kupanda nao. Mapema 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikabatilisha matokeo ya 2019 ya Mandera, Wajir na Garissa. Mgao wa fedha na viti vya uwakilishi hufuata idadi ya watu, kwa hiyo chungu kimoja kikiongezewa majina kuna anayefaidika, na kikipunguzwa kuna anayeumia. Mimi simshutumu mtu. Nasema tu usiijenge hoja yako nzima juu ya 6.9.

Ukifika mahali ambapo takwimu hizi zitaamua nani apewe na nani anyimwe, kwa mfano mnataka kuhudumia "kaya zinazoongozwa na wanawake" peke yake, usiishie kwenye barua hii. Nenda ofisi ya takwimu ya kaunti yako, kaeni na mtu aliyewahi kusimamia makarani huko Kwale, umfungulie jedwali lako mstari kwa mstari. Kama ni tasnifu, mtafute mhadhiri wa demografia kabla ya kuchambua, si baada. Na mkitaka kujua akina mama wangapi wa Kinango waume zao wako Mombasa na wanatuma fedha, hakuna sensa itakayowajibu. Hiyo ni kazi ya dodoso lenu wenyewe, maboma 200 hivi yaliyochaguliwa kwa kura, na swali la yule mke mkubwa likiwa la kwanza.

Aya yako ya hitimisho ningeiandika hivi, uirekebishe utakavyo: "Katika sensa ya 2019 Kwale na Mandera zilikuwa na karibu idadi sawa ya watu, lakini kaya za Kwale zilikuwa ndogo zaidi kwa wastani, 5.0 kwa 6.9. Uzazi wa juu wa Mandera unaeleza sehemu ya tofauti hiyo, na hesabu za Mandera zimepingwa mahakamani. Kaya za Mombasa na Nairobi zilikuwa ndogo zaidi, jambo linaloendana na wingi wa vijana waliopanga na wafanyakazi ambao familia zao ziko kwingine, Kwale ikiwemo. Takwimu hizi zinaonyesha nani alilala na kula wapi usiku wa tarehe 24 Agosti. Hazionyeshi nani anamtunza nani."

Mstari huo wa mwisho mkubwa wako atataka kuufuta. Mwache afute mwingine.